Sindano ya Kabureta katika Injini Iliyokuzwa

Injini ya Morris Minor ya mwaka 1956, yenye sentimita za ujazo 948, ilivuta hewa kwa kabureta moja ya SU yenye koo la inchi 1 na robo, na vipimo hivyo viwili vilikuwa vimeoana. Lakini mwenye gari akiing'oa akatia mahali pake ile ya 1275, ambayo ni ya ukoo uleule na hukubali kukaa pale baada ya marekebisho machache, huwa ameongeza haja ya hewa kwa zaidi ya thuluthi, na kabureta ya kwanza haiwezi tena kuikidhi.

Gari nililolishuhudia likitengenezwa Mombasa lilikuwa la namna hiyo. Lilikwisha kufungwa kabureta ya inchi 1 na nusu, ambayo eneo la koo lake laishinda ya kwanza kwa asilimia 44, basi hewa ilikuwa tele. Walakini injini, ingawa ilitulia vizuri gari liliposimama, ilikohoa kila dereva alipokanyaga mafuta mpaka mwisho. Mwenyewe alikuwa ameizungusha nati ya chini ya kabureta siku nyingi, na kila alipokiponya kikohozi aliuharibu utulivu.

Taksiri haikuwa ya mkono wake, bali ya kutafuta dawa pasipo na ugonjwa. Ndani ya SU mna pistoni ipandayo na kushuka yenyewe kwa kadiri injini inavyovuta, na chini yake huning'inia sindano iliyochongwa ikasinyaa kuelekea nchani, ambayo huingia katika jeti ya petroli. Pistoni ipandapo, sehemu iliyo nyembamba zaidi huja kinywani mwa jeti, na mwanya wa petroli hupanuka. Nati huishusha au kuipandisha jeti nzima, na athari yake huwa kubwa zaidi katika mzunguko wa chini, ambako mwanya ni finyu. Ama mzunguko wa juu, hukumu yake iko katika unene wa ncha ya sindano, na elfu chache tu za inchi, ambazo jicho halizioni, zatosha kuifanya injini ione njaa au ishibe kupita kiasi.

Fundi hakuigusa kabureta kwanza, na hapo ndipo nilipoyaheshimu maarifa yake. Alipima nafasi za vali na wakati wa moto wa plagi, akajaza oili katika kikombe cha juu ya pistoni, kisha akaiinua pistoni na kuiachia ili asikie kama yashuka kwa mlio mkavu bila kukwama. Baada ya hayo alilipeleka gari kwenye mlima, akakanyaga mafuta yote, akakata moto na klachi kwa mara moja, akazifungua plagi pale pale: zilikuwa nyeupe, dalili yakini ya upungufu wa petroli. Akachagua sindano ambayo unene wake wa juu ulilingana na ile ya zamani, ila ncha yake ilikuwa nyembamba zaidi. Ya kwanza ilipunguza kikohozi. Ya pili ilikiondoa, na plagi zikatoka na rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa.

Hapo tu ndipo aliposhika nati. Injini ikiwa moto, aliinua pistoni kiasi cha milimita 0.8: mzunguko ukipanda na kubaki juu, petroli imezidi, ukishuka, imepungua, ukipanda kidogo kisha ukarejea, mizani imekaa. Ulirejea.

Mwenye kulipandisha gari kama hilo mpaka Nairobi, kwenye kimo cha mita 1,700 hivi, ambako hewa ni nyepesi na mchanganyiko huzidi petroli, na aipandishe jeti kidogo kwa nati hiyo, sindano aiache.