Paa la msonge kwa mirija ya soda

Kazi za mikono za mirija zinazofundishwa watoto wa shule za msingi karibu zote zinaanza na gundi. Kata mrija, paka gundi, bandika kwenye karatasi, umepata ua au samaki. Kengele haijalia, ua limeshabanduka. Sababu ni mali ghafi yenyewe. Mirija mingi ya plastiki ni ya polipropilini, na uso wa polipropilini haushikani na gundi nyeupe ya maji, wala na uji wa unga wa ngano. Mwalimu anaongeza gundi, mtoto anarudia, na mwisho mtoto anaamini mikono yake ndiyo mibovu. Hilo linaniuma, kwa sababu mtoto hana kosa lolote. Kazi ya mrija ni kazi ya kuunga, na ufundi wa kuunga vitu vyembamba bila gundi umekuwepo Usukumani kabla ya gundi ya dukani.

Pa kuuona ni Bujora, pale Kisesa, kilomita kama 20 kutoka Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma. Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Québec ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka, yanajulikana zaidi kwa ngoma za watemi na kwa jengo lake lenye umbo la kiti cha mtemi. Wanafunzi wanaopelekwa huko hutazama hayo, wakapiga picha na kanisa la mviringo, wakaondoka. Mwalimu wa sanaa awaingize ndani ya nyumba ya msonge na awaambie watazame juu. Makombamoyo yanapanda kutoka ukutani hadi kileleni. Fito zinayazunguka kwa pete, pete juu ya pete, kila moja ndogo kuliko iliyo chini yake, na zinapokutana na makombamoyo pamefungwa kwa kamba. Fito moja mtoto anaivunja kwa goti, lakini zikiungwa namna hii zinabeba mzigo mzima wa nyasi, masika hata masika.

Watoto wa vijijini kanda ya ziwa wanajua nusu ya ufundi huu tayari. Kwa mabua ya mtama na mahindi wanatengeneza magari, miwani na nyumba. Bua lina ganda gumu na moyo laini. Ukichonga kijiti cha ganda ukakichoma kwenye moyo wa bua jingine, umepata kiungo. Mrija hauna moyo, una tundu, kwa hiyo kiungo lazima kipite ndani ya tundu hilo. Njia ni mbili. Ya kwanza ni kuchomeka: pasua ncha ya mrija kwa mkasi kiasi cha sentimita moja na nusu, ikunje ijipunguze, uisukume ndani ya mrija mwingine. Hii inafaa kurefusha tu, maana ikivutwa inachomoka. Ya pili, ambayo mimi naipendekeza kwa kila kazi ya kusimama, ni kupitisha uzi. Na hapa mtoto wa Mwanza ana bahati. Uzi wa cherehani hulegea na kukataa kupita, lakini mshipi wa kuvulia samaki ni mkakamavu, unasukumwa kutoka ncha moja ukatokea ya pili bila sindano. Kasoro yake ni kuteleza kwenye fundo. Zungusha mara mbili kabla ya kukaza, ulowanishe kidogo, ndipo uvute.

Sasa mpe mtoto mirija minne na mshipi, atengeneze mraba. Utalala upande ukiugusa tu. Mpe mitatu, atengeneze pembetatu. Ataisukuma atakavyo na haitabadilika umbo, kwa sababu urefu wa pande tatu unaruhusu umbo moja pekee. Somo hili halihitaji maelezo marefu, vidole vinalielewa kabla ya masikio. Kwa mwalimu ipo hesabu aliyoieleza mwanafizikia James Clerk Maxwell mwaka 1864: zidisha idadi ya kona kwa tatu, toa sita, upate idadi ya chini ya fito ambazo kiunzi kinahitaji ili kisimame imara chenyewe. Piramidi ya pembetatu ina kona nne, inahitaji fito sita, na inazo sita. Ndiyo kazi ya kwanza ya kumpa mtoto wa darasa la tatu.

Paa la msonge ni kazi ya pili, nalo lina mtego. Mrija wa soda una urefu wa sentimita kama 20. Ukipanga sita chini kwa duara na sita ya urefu uleule kama makombamoyo, paa litalala chapa juu ya meza, kwa kuwa katika umbo la pande sita zilizo sawa, umbali kutoka katikati hadi kona ni sawa kabisa na upande mmoja. Makombamoyo yanafika katikati na hayana ziada ya kupandia. Wengi wakifika hapa huvunjika moyo, wakidhani wamekosea mafundo. Dawa ni mkasi. Mirija ya chini ikatwe ibaki sentimita 14, makombamoyo yabaki na 20. Kilele kitainuka kidogo kupita sentimita 14, na mwinamo utakuwa nyuzi 45 na ushee. Huo ndio mwinamo ambao paa la nyasi hupenda. Likilala zaidi, maji hukawia juu ya nyasi na kupenya.

Kufunga kwenyewe kuna mpangilio. Pete ya chini kwanza, mshipi mmoja kupitia vipande vyote sita. Kisha mishipi mitatu, kila mmoja upande kombamoyo moja na kuteremka la jirani, ncha zifungwe kwenye kona mbili zinazofuatana. Mwisho vilele vitatu vifungwe pamoja.

Kiunzi kitasimama, ila kitatikisika, na hesabu ya Maxwell inasema kwa nini. Kona ni saba, fito zinazotakiwa ni 15, tunazo 12. Mafundi wa msonge hawakuongeza fito za katikati zikaziba nyumba. Ukuta ndio uliokamata miguu ya paa. Sisi tunatumia kipande cha boksi: toboa matundu sita, funga kila kona, na mtikisiko unakwisha. Kisha tengeneza pete ya vipande sita vya sentimita saba, uivishe kutoka kileleni. Itateremka yenyewe hadi karibu nusu ya njia na kukwama panapolingana na ukubwa wake. Ifunge hapo.

Mirija yote ni 15, na haina sababu ya kununuliwa mipya. Marufuku ya plastiki iliyoanza 1 Juni 2019 ililenga mifuko ya kubebea, kwa hiyo mirija bado imejaa kwenye vibanda vya juisi na soda. Ioshwe kwa sabuni, ncha iliyotafunwa ikatwe, ianikwe juani. Masalia ya sentimita sita yawaendee darasa la kwanza, wayakate shanga za kuhesabia, mkasi ukiwa ndani ya bakuli maana vipande huruka. Mwalimu akitaka kuwachangamsha, Bujora wanaonyesha pia namna makundi ya rika ya Wasukuma yalivyokuwa na maneno yao tofauti ya kuhesabu moja hadi kumi, kila rika lake, wasiohusika wasielewe.

Kuezeka kunabaki. Nyasi fupi zifungwe vishada vidogo, na safu ya kwanza iwe ya chini, kwenye pete ya sentimita 14. Ya pili ifungwe kwenye pete ya kati, ncha zake zilalie vichwa vya ile ya kwanza, halafu kileleni kishada kimoja kikubwa. Watoto wengi wataanza juu, kwa kuwa juu ndiko kunakoonekana. Waachwe wafanye hivyo kwenye kiunzi kimoja, kingine kiezekwe kutoka chini, kisha vyote vimwagiwe maji kwa kopo lililotobolewa huku karatasi kavu imewekwa ndani.