Mitungi, Saa Moja Asubuhi

Asubuhi ya tatu jirani yangu wa Timbwani aliniona nimesimama uani na simu kifuani, akauliza kwa sauti iliyofika barabarani: "Kwani mitungi yaolewa?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Kwetu Likoni, Mombasa, kamera huitwa penye arusi, penye mahafali au penye ajali. Mtu akipiga picha mitungi mitatu ya maji iliyoegemezwa ukutani, tena akarudi kesho yake na kesho kutwa, lazima watu waanze kumchungulia.

Nilikuwa najaribu tena jambo lililokwisha kunishinda: picha moja kila siku, ya kitu cha kawaida, mwaka mzima. Mara ya kwanza nilikwenda kwa mtindo wa kila mtu, yaani napiga chochote kitakachonivutia siku hiyo. Niliishia siku ya 23. Picha zile ninazo bado: 11 ni machweo, sita ni sahani za chakula, na zilizobaki ni miguu yangu ndani ya matatu. Mbinu hiyo inakudai uvutiwe kila siku, na mtu aliyetoka kazini Changamwe usiku, akasimama kwenye foleni ya feri, havutiwi na kitu isipokuwa kitanda.

Mara ya pili niliamua kila kitu mapema, ila kile kitakachotokea. Kitu ni mitungi ya manjano ya lita 20 nje ya mlango wangu. Wakati ni saa moja kamili asubuhi. Pa kusimama nilipaweka alama kwa matofali mawili niliyoyafukia uani, mguu huu na mguu ule. Simu inalala kwa upana, na mstari wa chini wa gridi unapita kwenye vitako vya mitungi. Picha ni moja tu. Ikitoka na ukungu, basi hiyo ndiyo ya siku hiyo.

Sharti hilo la mwisho si langu. Jamie Livingston, mpiga picha wa New York, alilishika kuanzia tarehe 31 Machi 1979 hadi alipofariki tarehe 25 Oktoba 1997, siku aliyotimiza miaka 41. Alitumia Polaroid SX-70, kamera inayotoa picha papo hapo, na pakiti ya filamu yake ilikuwa na picha kumi tu. Picha ya leo ikishatoka, imetoka. Jioni kikatokea kitu kizuri zaidi, shauri yake. Simu haina ubahili huo. Inakuruhusu kupiga arubaini na kuchagua, na kule kuchagua ndiko kunakochosha. Siku nilizojiruhusu kuchagua nilitumia dakika kumi na tano. Siku za picha moja, sekunde chache na chai haijapoa.

Sasa mwanga. Kamera ya simu hupima kilichomo ndani ya fremu kisha huvuta kila kitu kiwe wastani. Ukuta wangu umepakwa chokaa. Simu ikiuona weupe ule hudhani dunia yote inawaka, hupunguza mwanga, na manjano ya mtungi hugeuka rangi ya dengu. Dawa yake ni kubonyeza kidole juu ya mtungi wenyewe na kukishikilia mpaka kipimo kifungwe, ndipo upige. Ukuta utapauka kidogo, na upauke, kwani si ukuta ninaoufuatilia. Ni dawa ile ile ya kupiga mtu mweusi aliyevaa kanzu nyeupe: ukiiachia simu iamue yenyewe, kanzu itapendeza na uso utapotea.

Jua lilinipa kazi zaidi. Mlango wangu unatazama mashariki, kwa hiyo asubuhi jua liko mgongoni mwangu na kivuli changu kiko mbele. Nilipoanza, mwezi wa Juni, kivuli kililala kushoto, mbali na mitungi, nikajiona fundi. Kufikia katikati ya Septemba kimetambaa na kuipanda mitungi yote mitatu. Desemba kikawa kimehamia kulia. Niliwahi kusoma shuleni kwamba Juni jua huchomoza kaskazini kidogo ya mashariki na Desemba kusini yake, lakini sikuwahi kuliona mpaka nilipozipanga picha hizi sakafuni kwa mfululizo. Hata saa moja yenyewe si ile ile. Mwanzo wa Novemba jua la Mombasa huwa limechomoza tangu saa nzima hivi, ilhali katikati ya Februari lina nusu saa tu. Nilifikiria kuyahamisha matofali ili nikikwepe kivuli. Nikaacha. Ningeyahamisha, nisingejua tena kilichosogea ni jua au ni mimi.

Na mitungi yenyewe? Huko ndiko nilikopata nisichotarajia. Picha moja haisemi lolote. Mia moja zinasema wiki gani maji ya bomba yalikuja, maana mitungi iko michache na imekauka nje, na wiki gani tulinunua kwa mkokoteni, maana imesongamana hadi kizingitini na chini pana tope. Mtungi mmoja ulipoteza kifuniko mwezi wa Agosti, ukatiwa gunzi la mahindi, na gunzi likakaa hadi Januari. Nisingeweza kukuambia hayo kwa kumbukumbu. Ningekuapia gunzi lilikaa wiki mbili.

Kuchagua vitu badala ya watu kulikuwa na sababu nyingine, ya heshima. Mitaa yetu, Likoni kama Kisauni, si mahali pa kumwelekezea mtu simu usoni bila ruhusa, na mwanamke ndiyo kabisa. Lakini vitu husema habari za wenyewe. Pale Mlaleo, Kisauni, nilijaribu kwa miezi miwili, kila Jumamosi, kupiga vijikombe vya kahawa vilivyoachwa kwenye benchi baada ya watu kuondoka. Mwenye dele alikubali, mradi nisimpige yeye. Idadi ya vijikombe na vilivyokaa, vikikaribiana au vimetengana, vilitosha kuonyesha baraza ilikuwa ya namna gani.

Kuna mahali nilipotamani kupafuatilia hivi na haiwezekani, napo ni kivukoni. Kwenye feri kupiga picha ni marufuku kwa sababu za usalama. Kichekesho ni kwamba miaka ya 1990 pale pale Likoni palijaa wapiga picha. Walijenga studio za vibanda, wakatundika vitambaa vilivyochorwa meli, ndege na majumba ya ghorofa, wakavipamba kwa maua ya plastiki, na abiria akasimama mbele ya safari ambayo hajaifunga. Mwanaanthropolojia wa Kijerumani Heike Behrend aliwachunguza, na mwaka 2013 akatoa kitabu kuhusu upigaji picha katika pwani ya Afrika Mashariki. Nawaheshimu mafundi wale, lakini wao kazi yao ilikuwa kumtoa mtu kwenye siku yake ya kawaida. Foleni, mikokoteni na magunia yaliyopita nyuma ya kitambaa hayakuwa na mteja wa kuyalipia. Leo ningetoa meli zote za rangi nipate picha ya lango la feri, saa ile ile, kila siku ya mwaka mmoja wa wakati ule.

Kosa langu kubwa lilikuwa la utunzaji. Simu ilitumbukia kwenye ndoo mwezi wa Oktoba na picha za siku 19 zikaenda nayo. Tangu hapo kila Ijumaa nazihamisha kwenye kompyuta, jina la faili likianza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, ili zijipange zenyewe. Mwisho wa mwezi nazichapisha zote, hata mbovu.

Jirani yangu siku hizi haniulizi tena kuhusu arusi. Siku nikichelewa hugonga dirisha. Picha ya leo ina mitungi minne, miwili imelala, na kivuli changu kinakaribia ule wa kwanza.