AMANI NA KODI: UHAKIKI WA MKATABA WA GUATEMALA WA MWAKA 1996

Mikataba ya amani husomwa mara nyingi kwa kutazama sahihi zilizo mwishoni. Makanisa hushukuru, kengele hupigwa, kisha karatasi huwekwa kabatini. Katika makala hii twapenda kuusoma mkataba mmoja kwa kuuliza unasema nini, unamwambia nani, na unanyamaza wapi. Nao ni Mkataba wa Masuala ya Kijamii na Kiuchumi na Hali ya Kilimo, uliotiwa sahihi Mei 1996 kati ya serikali ya Guatemala na wapiganaji wa URNG, miezi michache kabla ya amani kamili ya tarehe 29 Desemba mwaka huo.

Sisi Walutheri hatuutazami mkataba huo kama wageni. Machi 1990, huko Oslo, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilisaidia kuwakutanisha URNG na Tume ya Taifa ya Upatanisho, na njia ya mazungumzo ikafunguka. Vita vilikuwa vimedumu tangu 1960. Tume ya ukweli, katika taarifa yake ya 1999, ilikadiria kwamba zaidi ya watu 200,000 waliuawa au walitoweshwa, na kwamba asilimia 83 ya waathirika waliotambuliwa walikuwa Wamaya. Kanisa lililosaidia kuandaa meza haliwezi kusema kwamba chakula kilichopakuliwa halikihusu.

Kwanza tuusifu mkataba kwa linalostahili sifa. Haukuishia katika maneno matamu ya haki na maendeleo, bali ulitaja kiasi. Serikali iliahidi kwamba ifikapo mwaka 2000, mapato ya kodi yakilinganishwa na pato la taifa yangeongezeka kwa asilimia 50 juu ya kiwango cha 1995, yaani kutoka takriban asilimia 8 hadi 12. Matumizi ya elimu na afya nayo yangeongezwa kwa kipimo hicho hicho. Mkataba ulitaka pia mwenye zaidi alipe zaidi. Waandishi wake walijua kwamba chimbuko la vita lilikuwa ardhi: mageuzi ya mashamba ya Rais Jacobo Árbenz ya 1952 yalizimwa alipopinduliwa 1954 kwa msaada wa Marekani.

Lakini hapa ndipo penye dosari. Walioshika bunduki walitia sahihi. Walioshika mfuko hawakutia. CACIF, umoja wa wafanyabiashara na wenye mashamba makubwa, ulikataa kuingia katika Baraza la Asasi za Kiraia lililoundwa 1994 ili kuchangia mazungumzo. Hivyo mkataba uliwabebesha deni watu ambao hawakulikiri. Mwaka 2000 ulipita bila lengo kutimia, likasogezwa hadi 2002. Mwaka 2001 kodi ya ongezeko la thamani ilipandishwa kutoka asilimia 10 hadi 12, kodi ambayo mnunuzi wa sabuni hulipa kwa kiwango kile kile alipacho tajiri.

Dosari ya pili ni kudhani kwamba imani ya raia huja pamoja na sheria. Kodi mpya ya majengo na ardhi ilifutwa 1998 baada ya maandamano, na miongoni mwa waandamanaji walikuwamo wakulima Wamaya. Tusiwashangae. Hawa ni wajukuu wa watu waliolazimishwa na sheria ya uzururaji ya 1934 kufanya kazi katika mashamba ya wengine. Kwao mkono wa serikali ulikuwa wa kuchukua tu. Mwaka 2015 yalipofichuliwa magendo ya forodha, Rais Otto Pérez Molina alijiuzulu, na 2022 mahakama ilimhukumu. Nani basi atamlaumu mkulima kwa kutoamini?

Wapo watakaosema kwamba kodi ni jambo la utawala wa dunia, na kwamba Kanisa lihubiri Injili. Hoja hii ina uzito, maana Kanisa halina wito wa kupanga viwango vya kodi. Hata hivyo, Luther katika Katekisimo Ndogo, akieleza ombi la nne la Sala ya Bwana, anahesabu serikali njema kuwa sehemu ya mkate wa kila siku. Yohana Mbatizaji hakuwaambia watoza ushuru waache kazi, aliwataka wasivuke kiasi kilichoamriwa (Lk. 3:12-13). Naye Zakayo, ambaye twapenda kumhubiri akiwa juu ya mkuyu, toba yake ilionekana aliposhuka na kuahidi kurudisha mara nne (Lk. 19:8).

Kwa hiyo twauhukumu mkataba huu kuwa andiko jema lililokosa sahihi moja. Mpaka leo mapato ya kodi ya Guatemala, yakipimwa kwa pato la taifa, ni miongoni mwa ya chini kabisa Amerika ya Kilatini. Na shule isiyojengwa haina mwingine wa kuijenga. Kanisa litakapoitwa tena kuwapatanisha wapiganao, hatuna budi kuuliza mapema, kabla kengele hazijapigwa: gharama ya amani hii italipwa na nani, na je, yeye yupo mezani?