Kuzima Seva Kabla Betri Haijaisha

Anayekwenda dukani kununua UPS kwa ajili ya seva ya nyumbani kwa kawaida huuliza swali moja: inakaa na chaji muda gani? Ana haki ya kuuliza, ila umeme ukikatika saa nne usiku na kurudi alfajiri, hakuna UPS ya bei ya kawaida itakayoivusha seva mpaka asubuhi. Kazi yake ni kuipa seva dakika chache za kufunga shughuli zake zote na kujizima yenyewe, hata kama nyumbani hakuna mtu. Halafu umeme ukirudi, seva iwake yenyewe. Hilo la pili ndilo linalowashinda wengi, na ndilo nitakalokaa nalo zaidi.

Seva ninayoichambua iko nyumbani, Dar es Salaam. Ni kompyuta ndogo yenye diski mbili, inatumia Debian, na imebeba picha za familia pamoja na hesabu za duka. Ikijumlishwa na ruta, inakula wati 45 hivi. UPS yake ni ya VA 650, na ndani ina betri moja ya volti 12, 7Ah. Namba hiyo ya VA inaonyesha uwezo wa kubeba mzigo tu. Muda unatoka kwenye betri. Zidisha 12 kwa 7 upate wati-saa 84, kisha usahau kuzipata zote: betri ya risasi ikivutwa haraka haitoi kila ilichonacho, na UPS yenyewe hula sehemu yake inapougeuza umeme wa betri kuwa wa volti 230. Kwa mzigo huu, betri mpya hutoa nusu saa na ushee. Betri ya miaka mitatu, iliyokaa kwenye joto la pwani, inaweza isifikishe dakika kumi.

Kwa nini tusiache tu seva izimike na umeme? Kwa sababu data haiendi moja kwa moja kwenye diski. Hupita kwanza kwenye kumbukumbu ya muda. Mfumo wa mafaili kama ext4 unaweza kujirekebisha baada ya kukatikiwa na umeme, lakini ankara iliyokuwa bado kwenye kumbukumbu hiyo imepotea.

UPS imeunganishwa na seva kwa kebo ya USB, na programu iliyotumika ni NUT, ambayo ni ya bure na inapatikana ndani ya Debian yenyewe. Ina sehemu tatu. Dreva huongea na UPS. Kwa UPS nyingi za USB dreva hiyo ni usbhid-ups. Kisha kuna upsd, inayotangaza hali ya UPS kwa kompyuta nyingine kupitia poti 3493, na upsmon, inayotazama hali hiyo na kuchukua hatua. Amri ya upsc inakuonyesha kila kitu. Kwenye mstari wa ups.status, OL maana yake umeme wa ukutani upo, OB maana yake UPS iko kwenye betri, na LB maana yake betri inakaribia kwisha. NUT ikiachwa ilivyo, husubiri OB na LB zikutane ndipo iizime seva.

Hapo mimi sikubaliani na kusubiri. UPS nyingi za bei nafuu hukisia chaji kwa kuangalia volti, na betri iliyochoka inaweza kuonyesha asilimia 60 kisha ikaanguka ghafla. LB inapofika, seva imeshakatikiwa. Kwa hiyo tumetumia upssched, inayoanza kuhesabu sekunde 300 mara tu UPS inapohamia kwenye betri. Umeme ukirudi kabla ya hapo, hesabu inafutwa. Usiporudi, inatolewa amri ya upsmon -c fsd na seva inaanza kuzimika. LB imebaki kama kinga ya pili. Jambo moja lisisahaulike: kwenye faili la upsmon.conf, mistari ya NOTIFYFLAG ya ONBATT na ONLINE lazima iwe na neno EXEC, la sivyo upssched haitaitwa kabisa na hutaona kosa lolote.

Dakika tano zinatosha kuvuka zile katika-rudi fupi za jioni. Pia zinaacha akiba. Betri ya aina hii huchukua saa kadhaa kujaa tena, na siku ya mgao umeme unaweza kukatika mara mbili au tatu. Ukiimaliza betri mara ya kwanza, mara ya pili seva haina pa kushika. Iwe ni laini ya TANESCO au LUKU imeisha usiku wa manane, kwa seva ni yale yale.

Kuzimika kwenyewe nako kuna mtego. Kama huduma zako zinaendeshwa kwenye kontena za Docker, Docker huipa kila kontena sekunde 10 za kufunga kazi, kisha huiua kwa nguvu. Kanzidata yenye kazi nyingi huenda isimalize. Ongeza muda huo kwa stop_grace_period, hata kuwa dakika nzima, maana betri inaruhusu.

Sasa tuje kwenye kurudi. Chukulia seva imeanza kuzimika, na umeme ukarudi ikiwa katikati ya kuzimika. Seva haitageuka, itamaliza na kuzima. Lakini kwa upande wake umeme haukukatika hata sekunde moja, kwa kuwa UPS iliendelea kuutoa muda wote. BIOS iliyowekwa iwashe kompyuta umeme unaporudi haioni kitu kilichorudi. Seva inabaki imezima, taa zote za nyumba zinawaka, na aliyesafiri hawezi kuifikia.

Dawa ni UPS yenyewe kukata umeme kwenye soketi zake. NUT ina njia hiyo: upsmon huandika faili la alama lililotajwa kwenye POWERDOWNFLAG, na mwisho kabisa wa kuzimika, mafaili yakiwa yameshafungwa, mfumo hulikuta na kuendesha upsdrvctl shutdown. UPS husubiri sekunde za offdelay, ambazo kwa usbhid-ups ni 20 usipozibadilisha, kisha hukata. Umeme wa ukutani ukiwepo, huurudisha baada ya muda wa ondelay. Tumeweka ondelay kuwa 120, na lazima izidi offdelay, ili umeme utulie kwanza. Kuna UPS zinazopuuza amri hizi, kwa hiyo bila jaribio usiamini.

Jaribio lifanywe kwa swichi ya soketi ya ukutani. Ukichomoa plagi, unaondoa na waya wa ardhi, ambao ni kinga yako. Swichi inakata umeme na kuiacha ardhi imeungwa. Zima swichi, ngoja dakika tano, na seva ikianza kufunga huduma zake, washa swichi tena. UPS ikikata soketi zake na seva ikawaka yenyewe, kazi imekamilika. Ikibaki imezima, tafuta UPS nyingine au rudia mipangilio, lakini usiiache hivyo.

Na siku unapofunga betri mpya, andika tarehe juu yake kwa kalamu ya wino mzito. Rudia jaribio la swichi kila baada ya miezi michache, na betri ikifikisha miaka mitatu ibadilishe, hata kama upsc bado inasoma asilimia 100.