Molière na Mnafiki Wake

Usiku wa tarehe 21 Februari, 1673, mjini Paris, maiti ya Molière, mtunzi na mchezaji wa michezo ya kuigiza, ilizikwa kwa sharti la Askofu Mkuu: iwe usiku, pasipo fahari, mapadre wawili tu. Kosa lake ni kwamba alikufa kabla hajaukana uchezaji mbele ya padre, kama sheria ya kanisa la huko ilivyotaka. Walakini wengi walikuwa wamemkasirikia zamani kwa ajili ya mchezo mmoja, Tartuffe. Mimi ni Mkristo na mwalimu, nimeusoma mara tatu, na nataka kusema niliyoyaona humo.

Maisha yake kwa ufupi ni haya. Alibatizwa Jean-Baptiste Poquelin mwaka 1622. Baba yake alikuwa fundi wa mapazia na viti vya mfalme. Alisomeshwa na Wajesuiti, kisha mwaka 1643 akaiacha kazi ya baba, akaunda kundi la wachezaji pamoja na Madeleine Béjart. Madeni yakawashinda, naye akafungwa mwaka 1645. Wakazunguka majimboni zaidi ya miaka kumi, hata mwaka 1658 wakacheza mbele ya Mfalme Louis XIV, wakampendeza.

Basi, Tartuffe. Tajiri mmoja, Orgon, amemkaribisha nyumbani mtu aliyemwona kanisani akipiga magoti na kuugua kwa sauti. Anataka kumwoza binti yake. Anamfukuza mwanawe mwenyewe na kumwandikia mgeni mali yake. Mtunzi hamleti Tartuffe jukwaani mpaka sehemu ya tatu katika sehemu tano. Hata atokeapo, akiisha kumwona mjakazi Dorine, anamwagiza mtumishi wake ayaweke vema mavazi ya toba na mjeledi wa kujipigia. Kwa tendo hilo moja tumekwisha kumjua.

Lakini mimi naona mchezo huu ni wa Orgon kuliko wa Tartuffe. Arudipo safarini, Dorine anamweleza jinsi mkewe alivyoshikwa na homa. Yeye haulizi ila habari za Tartuffe, aliyekula kwale wawili akalala fofofo, na kila asikiapo humwonea huruma huyo aliyeshiba! Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili sikucheka, kwa kuwa Orgon si mwovu. Anataka kweli kumcha Mungu, ila amempa mtu mwingine macho yake, na tangu hapo moyo umemkauka kwa watu wa nyumbani mwake. Wote wanaona isipokuwa yeye na mama yake mzee. Na anapofumbuliwa macho, anaapa kuwachukia wacha Mungu wote, kana kwamba kosa lilikuwa la sala!

Je, dini imetukanwa? Wakubwa wa kanisa walisema ndiyo. Mchezo ulichezwa Versailles mwezi wa Mei, 1664, ukakatazwa. Mwaka 1667 ukachezwa mara moja kwa jina jingine, na Askofu Mkuu akatisha kuwatenga na kanisa watakaoutazama au kuusoma. Ruhusa ikapatikana mwaka 1669. Hofu yao siidharau, maana mnafiki na mtakatifu hupiga magoti namna moja, na wajinga wakimcheka mmoja watamcheka na wa pili. Lakini Cléante, shemeji yake Orgon, anawatenga wazi hao wawili, tena kwa maneno marefu kupita kiasi, kama mahubiri ya siku ya joto.

Nisichokipenda ni mwisho. Orgon amekwisha kupoteza nyumba, mara afisa wa mfalme anamkamata Tartuffe, kwa kuwa mfalme huona yote. Hapo namwona mtunzi aliyehitaji ruhusa ya mfalme akilipa deni. Orgon anaokolewa, lakini sioni kwamba amejifunza kuona.

Tarehe 17 Februari, 1673, Molière, mgonjwa kweli, alikuwa akimwigiza mtu ajidhaniaye mgonjwa. Akatetemeka jukwaani, akamaliza mchezo, akachukuliwa nyumbani. Mapadre wawili walioitwa walikataa kuja. Wa tatu alifika amechelewa. Grimarest, aliyeandika habari zake mwaka 1705, asema ya kwamba waliokuwa kando ya kitanda chake ni masista wawili, waliokuja Paris kuomba sadaka, naye alikuwa amewapa mahali pa kulala.