Mkate wa Kila Siku Ndani ya Picha

Katika nyumba nyingi za Wakristo kuna kalenda ukutani yenye picha ya mlima wa theluji na ziwa tulivu, na chini yake mstari wa Biblia. Hamna mtu, jembe wala moshi wa jikoni. Kimyakimya, picha hiyo inatufundisha kwamba uumbaji wa Mungu hupendeza zaidi pale binadamu asipokuwepo. Napinga fundisho hilo, na wachoraji wawili wananisaidia.

Wa kwanza ni Jacob van Ruisdael wa Uholanzi, aliyefariki mwaka 1682. Makanisa ya kwao yalikuwa yameondoa picha na sanamu, na kazi ya kuchora kwa ajili ya madhabahu ikapungua sana. Wachoraji wengi waligeukia mashamba, mito na mawingu, wakiwauzia watu wa mjini picha za kutundika majumbani. Ruisdael aliuchora mji wa Haarlem, alikozaliwa, akiutazama kutoka kwenye vilima vya mchanga. Karibu theluthi mbili za picha ni anga. Kanisa kubwa linaonekana kwa mbali. Karibu nasi jua limepenya mawinguni na kuangaza uwanja ambapo wafanyakazi wametandaza vitambaa vya kitani ili viwe vyeupe. Mwanga wa mbinguni umeshuka juu ya kazi ya dobi.

Wa pili ni wa kwetu: Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923, akasoma Makerere na London, na baadaye akawa balozi wetu Uingereza. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, imo katika jumba la sanaa za kisasa la New York. Kwa Ruisdael watu ni wadogo kama sisimizi chini ya anga. Ntiro huijaza nchi watu: wanalima, wanabeba, wanajenga pamoja. Ardhi yake haina maana bila ujirani.

Luther, katika Katekisimo Ndogo, anapoeleza ombi la mkate wa kila siku, hataji chakula tu. Anataja shamba, mifugo, hali njema ya hewa, amani na majirani wema. Tukiipima picha ya nchi kwa orodha hiyo, ile ya kalenda inashindwa mapema. Ruisdael ametupa hewa na kazi. Ntiro ametupa majirani.

Hata hivyo, Ntiro naye ana upungufu. Vijiji vyake vina amani ambayo haijagharimu kitu. Huoni wanaogombea mpaka, wala aliyeachwa nje ya ngoma. Amani ya namna hiyo ni tamanio jema, lakini mhubiri akiileta mimbarani kama ilivyo, wenye majeraha watajua kwamba hakuwaona.

Tuseme basi kijana wa Kisaki anataka kuchora kwao. Ataanza na Milima ya Uluguru upande wa kaskazini na Mto Mgeta, maana hayo ni mepesi kupenda. Ataongeza reli ya TAZARA na mashamba ya mpunga. Je, atamchora mama anayekesha shambani akiwafukuza tembo? Atamchora mfugaji na ng'ombe wake, au atamfuta kwa sababu ng'ombe hao waliwahi kuingia kwenye mahindi? Hapo imani ya mchoraji inapimwa, na yetu pia. Tunaomba mkate *wetu*, na neno hilo linamhusu mkulima na mfugaji pia. Anayemfuta jirani kwenye picha yake amekwisha kumfuta katika sala yake.

Wapendwa, tunapotundika picha ya nchi ukutani, tuulize kwanza: nani yumo, na nani ametolewa?