Kengele Inayojua Kunyamaza

Zamani, katika viwanda vya mafuta na kemikali, kengele ya hadhari ilikuwa kitu cha kushikika. Juu ya meza ya opereta palikuwa na ubao wenye visanduku vya kioo, kila kimoja kimeandikwa maneno machache: presha ya boila imezidi, maji yamepungua, pampu imezimika. Jambo likiharibika, taa ilimemeta nyuma ya kioo na kengele ikalia mpaka opereta abonyeze kitufe kuonyesha kwamba ameiona. Kila kisanduku kilihitaji waya wake kutoka kwenye kipimo hadi ukutani, na ubao wenyewe ulikuwa na mwisho. Mhandisi aliyetaka kuongeza kengele moja alilazimika kutoa sababu. Opereta aliyekaa miaka mbele ya ubao ule aliitambua shida kwa mahali taa ilipowaka, kabla hata hajasoma maandishi.

Mwaka 1975 kampuni ya Honeywell ilileta TDC 2000, mmoja wa mifumo ya mwanzo ya kuendesha viwanda kwa kompyuta, na wengine wakafuata. Vipimo vikahamia kwenye skrini, na polepole kengele ikawa haina gharama: unaandika namba, umeipata. Kipimo kimoja cha joto kikapewa kengele ya juu, ya juu zaidi, ya chini, ya chini zaidi, na nyingine ya kusema kipimo chenyewe kimeharibika. Zidisha hayo kwa vipimo elfu kadhaa. Hakuna aliyekaa kikao akaamua kwamba mtu mmoja abebeshwe mzigo huo. Zilijazana tu, kila moja imewekwa na mtu mwenye nia njema.

Ufundi ninaousifu hapa ulizaliwa kutokana na msongamano huo. Ni ufundi wa kuamua kipi kina haki ya kumwita mtu, kimwite kwa sauti gani, kionekaneje kwenye skrini, na kipi kikae kimya.

Tarehe 24 Julai 1994, siku ya Jumapili, radi iliyumbisha mitambo ya kiwanda cha kusafisha mafuta cha Texaco karibu na Milford Haven, Wales. Kwa saa kadhaa maopereta walihangaika kuirudisha katika hali yake. Valvu moja iliyopaswa kutoa mafuta kwenye mnara ilikuwa imefungwa, lakini skrini ilionyesha iko wazi. Mafuta yakaendelea kuingia pasipo njia ya kutoka, yakafurika hadi kwenye mfumo wa bomba la kuchomea gesi, na bomba lililokwisha kuliwa na kutu likapasuka. Tani 20 hivi zikamwagika. Saa saba na dakika 23 mchana kiwanda kikalipuka, watu 26 wakajeruhiwa. Uchunguzi wa mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza ulionyesha kwamba katika dakika 11 za mwisho maopereta wawili walimiminiwa kengele 275, yaani moja kila sekunde mbili na nusu hivi. Na kati ya kengele 2,040 zilizopangwa kwenye mfumo, asilimia 87 zilikuwa zimepewa daraja la juu la dharura.

Naomba msomaji asiipite haraka hiyo asilimia 87. Sisi tumelelewa tukiambiwa kwamba la mgambo likilia kuna jambo. Watu waliweka majembe chini kwa sababu lilipigwa kwa nadra, na aliyelipiga alijua ataulizwa. Katika chumba cha uendeshaji cha Texaco la mgambo lilikuwa likipigwa kila sekunde chache, na kati ya milio hiyo ilikuwemo ile ya tangi la mfumo wa kuchomea gesi, lililokuwa likijaa kuelekea kwenye mlipuko. Ililia kama ilivyotakiwa. Ikapotea katikati ya dada zake.

Wenye viwanda waliamka. Mwaka 1999 shirika la Uingereza la EEMUA lilitoa mwongozo wake namba 191. Mwaka 2009 Wamarekani wakatoa kiwango cha ISA 18.2; mwaka 2014 kikafuata cha kimataifa, IEC 62682. Ni vitabu vikavu, lakini ndani yake mna wazo ambalo mimi naliona la kiungwana mno: kengele ni ahadi kati ya mtambo na mtu. Ikilia, lazima kuwe na kitu ambacho opereta anatakiwa kukifanya, na awe na muda wa kukifanya. Ndipo kinapotoka kipimo cha wastani wa kengele moja kwa kila dakika 10, na hukumu kwamba zikizidi 10 katika dakika 10 basi hayo ni mafuriko.

Uzuri wa kazi hii unaonekana mezani. Wanakaa opereta wa zamu, mhandisi wa mtambo, fundi wa vipimo na mtu wa usalama, na kengele zinaletwa moja moja. Inasababishwa na nini? Opereta atafanya nini? Asipofanya kitatokea nini, na ana dakika ngapi? Kengele ambayo jibu lake ni "ajue tu" inaondolewa na kupelekwa kwenye kumbukumbu. Kazi hii huchukua miezi, na inachosha. Lakini ndicho kikao ambamo neno la opereta linaweza kufuta mchoro wa mhandisi: "Hiyo huwaka kila tukibadilisha chujio, hatuiangalii tena."

Chukua tangi lililowekewa kikomo cha asilimia 80. Uso wa mafuta hautulii, mara 80.1, mara 79.9, na kengele inawaka na kuzimika usiku kucha. Fundi anaingiza namba mbili. Kwanza, ikishawaka kwa 80 isizimike mpaka kina kishuke hadi 75. Pili, isiwake mpaka hali idumu kwa muda fulani, sekunde chache au dakika nzima, kulingana na kasi ya tangi kujaa. Namba mbili tu, na opereta amerudishiwa usiku wake. Au chukua pampu inayolisha boila. Ikizimika, skrini hujaa mistari: mota imesimama, mtiririko umeshuka, presha imeshuka, maji ya boila yanapungua. Tukio ni moja. Fundi mzuri anaufundisha mfumo kuinua mstari wa pampu na kuituliza ile inayorudia habari hiyohiyo, lakini wa maji ya boila anauacha ulie, kwa kuwa huo unadai tendo lake.

Hofu ya kufuta naielewa, na haipaswi kudharauliwa. Katika ghala la mafuta la Buncefield, Uingereza, tarehe 11 Desemba 2005, kipimo cha tangi la petroli kilikwama kwenye namba ileile huku tangi likiendelea kujazwa, na swichi ya akiba haikufanya kazi. Hakuna kilicholia hadi petroli ikamwagika na kulipuka. Ukimya nao unataka ushahidi: kengele chache zilizobaki lazima zipimwe mara kwa mara.

Nako kwenye skrini kuna hekima yake. Skrini za zamani ziling'aa kama maduka ya sikukuu, pampu kijani, valvu nyekundu, tangi bluu. Mafundi wa leo hupaka mtambo mzima rangi ya kijivu na kuihifadhi rangi kali kwa kengele peke yake. Kando yake huweka umbo na namba ya daraja, kwa sababu wapo wanaume wengi wasiotofautisha nyekundu na kijani. Na huonyesha hali halisi ya kifaa, si amri kilichopewa. Pale kwenye kituo cha nyuklia cha Three Mile Island, Marekani, mwaka 1979, taa ya valvu ilieleza kwamba amri ya kufunga imetolewa. Valvu yenyewe ilikuwa wazi, na printa ya kengele ilifikia kuchelewa zaidi ya saa mbili nyuma ya matukio.

Vyumba vya uendeshaji vya namba hii tunavyo hata kwetu, kwenye saruji, sukari, maji na umeme. Wewe unayekisimamia kimoja, kabla ya kununua mfumo mpya, chapisha orodha ya kengele zilizolia mwezi uliopita na uzipange kwa wingi wake. Kumi za juu peke yake huwa zimebeba sehemu kubwa ya kelele yote. Kaa nazo mezani pamoja na mtu wa zamu ya usiku, na umwachie yeye azungumze kwanza.